Gauni Lenye Kifungo Ndani

Mtu anayenunua kifungo kimoja ni mtu aliyepoteza kingine. Huja na shati mkononi, ananionyesha vilivyobaki, nami namtafutia kinachofanana navyo. Akinikosea adabu nampa kinachokaribia kufanana, na hatajua mpaka afike nyumbani. Hiyo ndiyo biashara yangu: vifungo, nyuzi, zipu na bitana, katika korido ndefu ya jengo ambalo choo chake kimefungwa tangu nilipohamia. Wananiita Mama Vifungo. Wanangu wana majina, lakini hakuna aliyeona haja ya kuyatumia.

Mkabala na mlango wangu yupo Fundi. Mafundi cherehani wamejaa korido nzima, ila ukisema Fundi bila kuongeza kitu, watu watakuelekeza kwake. Hasikii. Hajasikia tangu alipougua homa akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na baba yake aliona kwamba shule ni mahali pa kusikiliza, sasa kiziwi akafanye nini huko. Kwa hiyo hasomi. Tarakimu anazijua vizuri, maana nguo haishonwi kwa maneno: kifua, kiuno, nyonga, urefu, basi. Ana lugha yake ya mikono ambayo haikufundishwa popote. Ilianzia jikoni kwa mama yake, na kila aliyeishi naye akaiongezea kipande. Daktari ni vidole viwili masikioni. Mteja msumbufu ni kutazama dari. Mimi ni kidole gumba na cha shahada vilivyoungana duara. Wifi yake ni kubana midomo.

Huyo wifi ni dada wa mume wake, na sisi sote tulimwita Wifi hivyo hivyo, hata wanaume. Mume ni dereva wa malori ya safari ndefu. Hurudi nyumbani kama mgeni wa heshima: anakula, analala, anaondoka. Alipomwoa Fundi alijua alama ya chakula, ya njoo na ya nakwenda, na mpaka leo hajaongeza nyingine. Yaliyobaki alimkabidhi dada yake.

"Wewe ndiye utakuwa mdomo wake," alimwambia.

Wifi akaipokea kazi ile kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo wa kabati. Na aliifanya, tumpe haki yake. Alijifunza mikono ile upesi kuliko sisi wote, akawatolea uvivu wateja wakorofi, na aliyethubutu kumcheka Fundi mbele yake aliondoka akiwa amefyata mkia. Tatizo la Wifi lilikuwa heshima. Alikuwa nayo nyingi kuliko matumizi. Kuna maneno ambayo hayajawahi kupita kinywani mwake. Sidiria kwake ilikuwa "ile nguo". Mwanamke mjamzito alikuwa "mtu aliye hivyo". Siku moja mteja alitaja nyonga zake kwa sauti, na Wifi akaenda kusimama nje mpaka vipimo viishe.

Sasa Fundi akapata uvimbe kwenye titi la kushoto. Nalitaja lenyewe, mimi si Wifi. Aliugundua akijipima blauzi. Ulikuwa mdogo, mgumu, haumi, na vidole vya Fundi ni vile vinavyoweza kuhisi ncha ya sindano iliyovunjikia ndani ya kitambaa kilichokunjwa mara nne. Mama yake alianza hivyo hivyo, na mama yake hayupo. Fundi alijua anachokishika.

Mimi hakuniambia. Lugha yetu mimi naye ni ya kazi: nyekundu, kesho, zipu imekwama, yule mama kichaa amerudi. Kwa mambo ya mwili alikuwa na ndugu wa kumsemea. Mume alipopigiwa simu kwamba mkewe hajisikii vizuri, alisema mpelekeni hospitali. Na alipelekwa. Hakuna atakayesema hakupelekwa.

Kabla ya kupelekwa alijaribu kwenda peke yake. Zahanati yetu ina benchi refu la saruji na dirisha dogo lenye nondo. Nesi anakaa nyuma ya dirisha na kuita majina. Sauti anayo, akiita mtu hata wa ng'ambo ya barabara anageuka. Fundi alipitisha kadi yake dirishani, akaketi akakodolea macho ule mdomo, lakini nesi huita huku ameinamia meza, kwa hiyo alichokiona ni utosi. Jina lake likaitwa. Likaitwa tena. "Hayupo," nesi akasema, akaita la mwingine. Waliofika nyuma yake wakaingia na kutoka na dawa zao. Kivuli kikahama kutoka upande mmoja wa benchi hadi wa pili, na watu wakahama nacho. Mwishowe Fundi akaenda dirishani, akagusa masikio yake, akatikisa kichwa. Nesi si mtu mbaya. Alielewa pale pale, akaanza kuongea kwa sauti kubwa zaidi. Alipoona haisaidii akainua vidole viwili: mje wawili. Akawaeleza na waliokuwa benchini, ili nao wajue utaratibu.

"Hawa lazima waje na mtu," alisema. "Bila mtu hatuwezi kumhudumia."

Basi akaenda na mtu. Daktari wa pale ni kijana mpole mwenye uso wa kukosa usingizi. Chumba chake kina meza, kitanda kilichofunikwa kwa plastiki, na pazia lisilofika mwisho wa waya. Mlango haufungwi, si kwa sababu umeharibika, ila kwa sababu watu wa foleni huwa wametanguliza mguu mmoja ndani ili wasiporwe nafasi. Siku hiyo mmoja wa miguu ile ulikuwa wa mwenye nyumba wao.

Fundi alieleza kwa mikono, kwa urefu. Alieleza lini, wapi, ukubwa gani, kwamba hauumi, kwamba hausogei, kwamba mama yake alikuwa nao, na mama yake sasa amelala chini. Daktari akamsubiri amalize, kisha akamgeukia Wifi.

"Anasemaje?"

Wifi akamtazama daktari. Akautazama mguu wa mwenye nyumba.

"Anasema bega," akasema.

"Bega tu?"

"Bega, daktari. Hii kazi yao ya kuinama."

Fundi, alipoona daktari analitazama bega, akashika titi lake. Wifi akauchukua ule mkono, akauinua kwa upole kama anayemrekebishia mtu kola, akauweka begani. Daktari akalibonyeza bega juu ya nguo, akauliza kama anasikia maumivu, akimwuliza Wifi, na Wifi akajibu kwamba anasikia sana. Wakarudi na vidonge na dawa ya kuchua.

Haya yote alikuja kunisimulia Wifi mwenyewe, bila kuficha kitu. "Bega liko jirani, dada," aliniambia. "Nilijua daktari ni mtu msomi. Nikasema akianzia pale, atashuka mwenyewe."

Fundi hasikii, lakini macho yake yanapima. Aliona ametoa mita nzima ya maneno na Wifi amefikisha kipande cha kola. Njiani akamwuliza: umemwambia? Wifi akamjibu kwa mikono: nimemwambia. Dawa ya kuchua Fundi alinipa mimi. Mgongo wangu haujawahi kuwa mzuri vile. Wakarudi zahanati mara nyingine, bega likatajwa tena, na mimi nikapata tyubu nyingine.

Hapo ndipo alipokuja kununua kifungo kimoja. Hakuja na shati. Alivuta trei nzima, akafumba macho, akawa anakibiringisha kila kifungo kati ya kidole gumba na cha shahada, anakirudisha, anachukua kingine. Wateja wawili wakachoka kusubiri wakaenda kwa jirani yangu, ambaye vifungo vyake vinapasuka kwa maji ya moto, na nawatakia kila la heri. Mwishowe akachagua kimoja cheusi kilichovimba kama punje ya njugu. Akanilipa, akaondoka. Sikuuliza. Mimi nauza vifungo, siviulizi vinakokwenda.

Baadaye nikamwona na gauni la kijani la pamba, limetiwa bitana vizuri, mshono ule wa kwake unaotaka kuutafuta kwa miwani. Nililigeuza nje na ndani. Kifungo hakikuonekana popote. Nikasema moyoni, basi amekipoteza.

Hakukipoteza. Alikishonea katikati ya kitambaa na bitana, upande wa kushoto, juu kidogo kuelekea kwapani, mahali pale pale. Gauni lenyewe alilikata kwa vipimo vyake. Alipanga kulitandaza mezani kwa daktari, amshike kidole, akipeleke juu ya kifungo, kisha ajionyeshe yeye. Kidole hakihitaji mtu wa kukisemea. Mimi nimeshona na kuuza vya kushonea maisha yangu yote, na nasema ile ilikuwa akili kubwa.

Kilichotokea ni kwamba aliingia chumbani na Wifi, akatoa bahasha ya karatasi ya kaki, akaifungua, na daktari akaona gauni jipya la kike. Daktari akatazama mlangoni. Miguu ya foleni ilikuwa imetega masikio. Kupokea kitu mbele za watu si jambo zuri kwa mfanyakazi wa serikali.

"Asante sana, mama, lakini haikuwa na haja," akasema, na gauni likaingia droo la chini.

Fundi akamdaka kidole. Daktari akafikiri anapewa mkono, akautikisa. Fundi akakivuta kidole kuelekea kwenye droo, na Wifi akampiga kofi la mkono, maana mke wa mtu havuti vidole vya wanaume.

"Amefurahi tu," Wifi akaeleza. "Anasema ni la mkeo."

Daktari akafunga droo kwa ufunguo. Siku hiyo hawakupanga foleni ya dawa, nesi aliwapitisha kwa nyuma, na tyubu waliyopewa ilikuwa kubwa kuliko zote. Nilikataa kuipokea, maana nilimwona Fundi alivyorudi. Aliigeuza cherehani ikatazama ukuta. Alishona hivyo mchana kutwa, machozi yakidondokea kwenye pindo, naye anayapiga pasi yakauke. Niliumia. Nikamvuta Wifi pembeni, nikamwuliza mwenzako ana nini.

"Bega," akasema.

Mvua zikaja, zikaisha. Wateja wakaanza kutaka nguo nzito. Fundi akarudi kwenye trei yangu, bila shati mkononi. Akafumba macho tena, akapapasa, akaviruka vile vidogo bila kuvigusa mara mbili. Akachukua cha koti, kile kinene ambacho wazee hupenda. Nikamtania kwa mikono: hicho ukikiweka kwenye blauzi, mwenye blauzi ataanguka mbele. Yeye akatazama dari. Yaani mteja msumbufu alikuwa mimi.

Siku chache baadaye akaja mwanamke mmoja mrefu, mwalimu wa chekechea, kucha zimejaa chaki za rangi. Alikuwa na gauni la kijani mkononi. Akaniuliza kama namjua aliyelishona, kwa sababu mume wake, daktari wa zahanati, aliletewa zawadi na mgonjwa wa bega.

"Zuri sana," akasema, "lakini linanibana, na kuna kitu humu ndani kinanichoma kila nikivaa mkoba. Nadhani alisahau kitu."

Fundi hasahau vitu ndani ya nguo. Nikalipapasa lile gauni. Nikakikuta, nikakibiringisha kama alivyofanya yeye, na nikakijua. Kilikuwa changu. Nikampungia Fundi.

Fundi alipoliona gauni alisimama wima. Alikuja, akalichukua, akajiwekea juu ya mwili wake kama mteja anayejitazama kwenye kioo. Akamshika mwalimu kidole, akakiweka juu ya kifungo. Kisha akakishusha, akalivuta gauni pembeni, akakiweka pale pale kwenye titi lake, juu ya blauzi nyembamba ya kazini. Hatukuwa na mlango wa kufunga. Wapita njia walipita.

Yule mwalimu hushinda na watoto ambao nusu ya mazungumzo yao ni vidole. Hakuuliza anasemaje. Kidole kilikaa pale, na uso wake ukabadilika polepole. Halafu Fundi akarudi kwenye meza yake, akafungua kopo la sindano, akatoa kile kifungo cha koti. Akakiweka kwenye kiganja cha mwalimu. Akaonyesha gauni, akarusha mkono nyuma ya bega: zamani. Akaonyesha kifungo cha koti, akagonga meza: sasa. Juu ya meza kulikuwa na kitambaa kile kile cha kijani, kimekwisha kukatwa kifua. Alikuwa anashona gauni la pili. Aliona pengine daktari hakuelewa kwa sababu kipimo kimepitwa na wakati.

Vyote viwili nilimuuzia mimi. Nilikaa chini.

Mwalimu akapiga simu pale pale.

"Niko kwa yule fundi," akamwambia mumewe. "Lile gauni si zawadi."

Sikusikia upande wa pili.

"Ni mgonjwa wako," mwalimu akasema. "Namleta."

Wakaenda jioni ile ile, na gauni wakalibeba. Mwalimu alisema daktari alilipapasa gauni kwanza, akampima Fundi baadaye, kwa mlango uliofungwa, na foleni ikanung'unika nje. Kisha akaandika rufaa ya hospitali kubwa. Wifi alipofika kwangu akaambiwa, alikaa juu ya jora la kitambaa ambalo lilikuwa limeshauzwa. Alishika tama mpaka nikafunga duka. Nilikuwa nimejiandaa kumsema, na mdomo wangu unajulikana, lakini nilipomtazama nikaenda kumnunulia chai.

Nawaambia mapema, kwa wasiopenda kuwekwa roho juu: Fundi hakufa. Titi liliondolewa, na pamoja nalo vivimbe vilivyokuwa vimeanza kwapani. Anaendelea na dawa, nywele zilitoka na zimerudi, mkono wa kushoto unachoka upesi, na wateja wanalalamika kuhusu nguo zao. Ukiuliza kama amepona, wanamwambia arudi tena. Basi anarudi.

Lakini nilitaka kusema habari ya siku ya kwanza tulipokwenda kule hospitali kubwa, yeye na Wifi, na mimi wa kubeba mkoba. Kule nako walitaka mtu. Mapokezi yao yako katikati ya ukumbi, na ukumbi ulijaa wanaume waliovunjika miguu na waliowasindikiza. Kijana wa mapokezi, macho yake kwenye kompyuta, akauliza mgonjwa ana tatizo gani. Fundi akaitazama mikono ya Wifi. Alikuwa ameitazama hivyo muda mrefu.

Wifi akaweka kiganja chake juu ya titi lake la kushoto, mbele ya ukumbi mzima, akakiacha pale.

"Titi," akasema, kwa sauti ya nesi wa dirishani. "La kushoto. Lina uvimbe."

Magongo mawili matatu yaligeuka. Kijana akaandika.

Tukaingia kwa daktari mkubwa, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Alimpima Fundi taratibu, titi, kwapa, upande wa pili, akavua glavu, kisha akamtazama Wifi, kama wanavyofanya wote.

"Kwa nini mnatuletea mgonjwa hali imefika hapa?" akauliza. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka kuuliza swali hilo. "Angekuja mapema ingekuwa kazi ndogo."

Nilifungua mdomo. Wifi akanitangulia.

"Alikuja mapema, daktari," akasema. "Alikuja na mimi."

Fundi akamvuta mkono wa nguo: mnasema nini? Mimi nikadhani atamkatia kipande, kama kawaida. Wifi akaweka mkoba wake chini, akafungua mikono, akamwambia. Akamwambia swali la daktari, akamwambia jibu lake, na hakuishia hapo. Akarudi nyuma mpaka chumba cha zahanati, mguu wa mwenye nyumba, bega, bega tena, gauni, droo, lile kofi la mkono. Alisema kwa urefu, hakupunguza kitu, na kamasi zinamtoka hana mkono wa kuzifutia. Daktari mkubwa alitazama saa yake, akaona aache.

Fundi alifuata mikono ile mpaka ikatulia. Uso wake sikuweza kuusoma. Kisha akauchukua mkono mmoja wa Wifi, akauinua kwa upole kama anayemrekebishia mtu kola, akauweka juu ya bega lake mwenyewe, akaushikilia hapo.

Daktari mkubwa akauliza kama na bega linamuuma.